Nani Alilikausha Jicho la Rindini

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya fisi kuongea na sungura. Zamani hii ilikuwa na simu, ila mtandao ulipatikana kwa kupanda juu ya jiwe moja tu, na jiwe lenyewe lilikuwa na foleni. Kaeni vizuri. Mwenye kiu anywe sasa hivi, maana mbele ya safari ataona haya kunyanyua kikombe. Na mjue mapema: msimulizi ameipeleka hadithi hii miji saba, na katika miji sita watu waligombana mpaka wakasahau kumpa chakula.

Palikuwa na kijiji mlimani, jina lake Rindini. Chini yake, kwenye uwanda wenye joto la kukaanga dagaa bila jiko, palikuwa na kijiji kingine, jina lake Tambarareni. Rindini walikuwa na maji na majivuno. Tambarareni walikuwa na jua na uvumilivu.

Maji ya Rindini yalitoka katika chemchemi moja chini ya mwamba, tundu la kutosha kichwa cha mbuzi. Wenyewe waliliita jicho. Jicho lilitiririsha maji mpaka kwenye bwawa la mawe na udongo walilolijenga babu zao, na bwawa hilo liliitwa ndiva. Usiku ndiva ilijaa. Asubuhi ilizibuliwa, maji yakashuka mferejini, kila familia ikamwagilia kwa zamu yake. Jioni ilizibwa tena kwa mgomba na udongo wa mfinyanzi.

Aliyezibua na kuziba alikuwa mwanamke aitwaye Nakijwa. Mjane, miaka hamsini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza. Yeye ndiye alikuwa mgawa maji. Alikuwa na kijiti chenye alama kumi na mbili. Kila asubuhi alikichovya ndivani, akasoma maji yamefika wapi, akatangaza kwa sauti ya kuamsha wafu na walevi: "Leo alama tisa! Waliozoea kumi wapunguze kiburi!"

Zamu yake mwenyewe ilikuwa Alhamisi. Kwa zamu hiyo alilima mahindi na maharage, na kwa mahindi na maharage hayo aliwalisha wajukuu watatu ambao mama yao alikwenda kutafuta kazi mjini, akapata kazi, akapata mume, akapoteza namba ya simu ya nyumbani.

Tena Nakijwa alikuwa na wajibu mmoja ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kila Ijumaa alipanda peke yake mpaka kwenye jicho, akaondoa majani, akachungulia, akashuka. Wengine waliruhusiwa kufika pale siku moja tu kwa mwaka, siku ya kusafisha mfereji. Ndiyo ilikuwa desturi. Jicho lilitazamwa na macho mawili tu, na macho hayo yalikuwa ya Nakijwa.

Basi ikaja miaka mitatu ya mvua za kuchungulia na kuondoka. Alama tisa zikawa nane. Nane zikawa sita.

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na serikali, na serikali ilikuwa na mipango. Msicheke, nasimulia.

Pale wilayani palikuwa na jengo moja lenye korido moja. Mlango wa kulia uliandikwa MAJI YA JUU. Mlango wa kushoto uliandikwa MAJI YA CHINI. Kulia alikaa Bi Ruwaida, msichana mpole aliyetoka chuoni juzi, mwenye viatu vyeupe na matumaini ya rangi hiyohiyo. Yake ilikuwa mito, mifereji na chemchemi. Kushoto alikaa Bwana Kajiru, mtu wa makamo, sauti nzito, tumbo la heshima. Vyake vilikuwa visima. Kila mlango ulikuwa na mpango wake wa miaka ishirini na ramani yake ukutani. Ramani ya kulia ilikuwa ya bluu, imejaa mito, haina kisima hata kimoja. Ramani ya kushoto ilikuwa ya kahawia, imejaa visima, haina mto hata wa dawa. Katikati ya korido palikuwa na birika la umeme, na kila saa nne asubuhi wawili hao walikunywa chai pamoja, wakazungumza mpira, harusi na maumivu ya mgongo wa Kajiru. Maji hawakuyazungumza. Maji yalikuwa kazi, na chai ilikuwa mapumziko.

Mpango wa kushoto ulisema: Tambarareni wapate maji salama. Na kweli ilikuwa haki yao. Tambarareni walikunywa maji ya lambo, na ng'ombe walikunywa humohumo, na walichokifanya ng'ombe baada ya kunywa mnakijua. Bwana Kajiru akashuka uwandani, akachimba, akapata chumvi. Akachimba pengine, akapata chumvi zaidi. Akapanda mlimani, akapiga hatua mia mbili chini ya jicho la Rindini, akachimba, na maji matamu yakaruka mpaka yakamlowesha kofia.

"Hapa," akasema.

"Hapa ni kwetu," wakasema Rindini.

Ukaitwa mkutano. Watu wakapayuka siku nzima. Mwishowe akasimama Nakijwa, na kijiji kikanyamaza, maana ndiye aliyekuwa na kijiti.

"Kule chini kuna watu wetu," akasema. "Wifi yangu Namsifu ameolewa kule. Mama mkwe wangu Nanzighe anaishi naye kule, na kila mwezi tumbo linamkata. Tuwape ardhi. Lakini Bwana Kajiru, na sisi utuwekee bomba la kuingia ndivani. Kiangazi kikibana, pampu itusaidie kujaza."

"Maji juu ya maji!" mzee mmoja akashangilia, na mkutano mzima ukapiga vigelegele.

Hebu tusimame hapo kidogo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maji ya kisima yanatoka wapi. Kila mtu alijua: yanatoka chini. Na ya jicho? Yanatoka mlimani. Basi ni maji mawili, kama mbuzi wawili wa wenyewe tofauti. Hivyo ndivyo walivyowaza Rindini, na hivyo ndivyo zilivyosema ramani zote mbili za serikali, kwa hiyo tusiwacheke Rindini peke yao.

Aliyejua alikuwa Kajiru. Alikijaribu kisima siku tatu mfululizo, akaona maji yanashuka haraka na kurudi kwa uvivu. Siku ya tatu akasikia jicho kule juu linaimba kwa sauti nyembamba kuliko siku ya kwanza. Akaandika katika ripoti yake, ukurasa wa thelathini na moja: "Upo uwezekano wa kisima hiki kupunguza chemchemi jirani. Pampu isizidi saa nane kwa siku, na chemchemi ifuatiliwe." Halafu akafungua mwongozo. Mwongozo ulidai kisima kiwe mbali na kisima kingine. Chemchemi si kisima. Kajiru akatia sahihi. Ripoti ikaingia kabati la kushoto, na ikakaa humo kimya, hatua nne kutoka mlango wa kulia.

Siku ya uzinduzi akaja mgeni rasmi kutoka mkoani na mkasi wake. Alihutubia mpaka kivuli chake kikahama upande. Kikombe cha kwanza akapewa Bibi Nanzighe, mkubwa kuliko wote Tambarareni. Bibi akanywa, akalamba midomo, akatazama ndani ya kikombe.

"Hayana ladha ya ng'ombe," akasema. "Nitayazoeaje sasa?"

Watu wakacheka mpaka wakalia.

Namsifu akachaguliwa kuendesha pampu, maana ni mwanamke aliyeogopwa hata na jenereta. Saa nane kwa siku, kama ilivyoandikwa. Tangi la Tambarareni likajaa. Ndiva ya Rindini nayo ikajaa. Nakijwa akachovya kijiti, akakitoa, akakitazama, akakichovya tena.

"Kumi na mbili!" akatangaza. "Kumi na mbili, jamani! Leo hata wavivu wamwagilie!"

Mwezi wa pili, Bi Ruwaida akapanda Rindini na viatu vyake vyeupe. Mpango wake ulisema mifereji yote ipimwe. Akatupa chungwa mferejini, chini kidogo ya ndiva, akalikimbilia na saa mkononi, akaandika, akalitupa tena. Mara ya tatu chungwa likachukuliwa na mbuzi, na kipimo kikafungwa hapo.

"Mama, mfereji huu una afya sana," akamwambia Nakijwa.

"Una afya, mwanangu."

"Kiangazi chote unakuwa hivi?"

Nakijwa akatazama bomba lililokuwa linamwaga maji ndivani nyuma ya mgomba. Akamtazama msichana. Angesema. Lakini binti wa serikali alikuwa anaandika huku anatabasamu, na Rindini ilikuwa haijasifiwa na serikali tangu iumbwe.

"Mwaka huu Mungu ametukumbuka," akasema.

Fomu ya Ruwaida iliuliza mahali, tarehe na kasi ya maji. Haikuuliza maji yameingiaje. Akarudi ofisini, akapiga hesabu, akaona ziada, na kwa moyo mweupe akatoa kibali: familia arobaini za Tambarareni zivute mfereji mpaka uwandani zilime vitunguu. Familia ya Namsifu ilikuwa mojawapo. Watu ambao hawajawahi kuwa na zamu tangu kuzaliwa wakapata zamu.

Mmeiona? Maji yalivutwa kutoka chini, yakapita kwenye bomba, yakaingia ndivani, yakatokea mferejini, na yakapimwa upya kana kwamba yamenyesha jana. Kwenye ramani ya kahawia yalihesabiwa ya kisima. Kwenye ramani ya bluu yakahesabiwa ya mfereji. Tone moja, vyeti viwili vya kuzaliwa.

Ijumaa moja Nakijwa akapanda kwenye jicho. Alikuwa ameruka Ijumaa tatu kwa sababu ya goti, na kwa sababu ndiva ilikuwa imejaa, na mtu mwenye sufuria iliyojaa haendi kukagua ghala. Akaondoa majani. Akachungulia.

Maji yalikuwa yameshuka dhiraa nzima. Ukoka wa kandokando ulikuwa umekauka, na chura mmoja alikaa katikati ya tundu akimtazama kama mpangaji aliyekatiwa huduma. Nakijwa akaingiza mkono mpaka kwapani. Akagusa tope.

Akarudi Jumapili, jenereta ikiwa imezimwa kwa ajili ya ibada. Maji yalikuwa yamepanda kidole kimoja. Akarudi Jumatatu, jenereta ikinguruma kule chini. Kidole kilikuwa kimeondoka. Nakijwa hakusoma sana, lakini kuhesabu kidole alijua. Akakaa juu ya jiwe akasikiliza ile pampu, na kwa mara ya kwanza akaisikia inavyokunywa.

Akakata majani ya migomba, akalifunika jicho, akashuka kwenda kusema.

Alishuka moja kwa moja mpaka Tambarareni, maana alitaka Namsifu awe wa kwanza kujua. Bombani akamkuta mama mkwe wake, Bibi Nanzighe, amekaa juu ya ndoo anajiosha miguu, taratibu, kidole kwa kidole, kama bibi harusi.

"Mkwe wangu, karibu," bibi akasema. "Unajua tumbo langu limekaa kimya mwezi wa tatu huu? Nilikuwa nimesahau kimya cha tumbo. Mume wako angekuwepo angesema mama amerogwa."

Nakijwa akaitazama ile miguu safi. Akisema pampu ndiyo muuaji wa jicho, pampu itazimwa. Pampu ikizimwa, mwanamke huyu anarudi kwenye lambo. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akarudi zake mlimani.

Wiki ile alama zikashuka mpaka saba, maana sasa familia arobaini mpya zilikuwa zinavuta na jicho halichangii kitu. Rindini wakaanza kumtazama mgawa maji kwa jicho la pembeni. Nakijwa akamfuata wifi yake penye jenereta.

"Wifi, niongezee saa mbili."

"Wifi, karatasi inasema nane."

"Karatasi haina wajukuu."

"Na mimi nina vitunguu," Namsifu akacheka. "Haya. Mbili tu. Kajiru akija nitamwambia saa ya jenereta imelewa."

Saa nane zikawa kumi. Kumi zikawa kumi na mbili. Mwisho zikawa kumi na nne, na hakuna aliyelalamika, maana kila aliyefungua maji aliyakuta.

Mpaka siku aliyoyakosa. Mahindi ya Rindini yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, wakati ule ambapo ukiyanyima maji wiki mbili umeyanyima uhai. Pampu ikakohoa. Ikatema tope. Ikatema hewa. Namsifu akaizima, akangoja nusu siku, akaiwasha, ikatema hewa tena. Ndiva ikawa na alama mbili, kisha moja, kisha tope lenye nyayo za kunguru. Mahindi yakajikunja kama watu wanaoona baridi. Vitunguu vikalala.

Tambarareni wakarudi kwenye lambo. Namsifu alichemsha maji ya mama yake kila siku, lakini bibi alikuwa amezoea maji matamu, na maji yaliyochemshwa alisema yana moshi. Namsifu akienda shambani, bibi alichota ya ndoo. Siku ya kwanza akaharisha. Siku ya pili akasema anasikia tumbo linaongea, limekasirika kwa kuachwa peke yake muda mrefu. Siku ya nne wakamzika.

Wiki iliyofuata ukafanyika mkutano. Hapakuwa na mahali pa kutosha vijiji viwili, basi watu wakakaa ndani ya ndiva yenyewe, juu ya udongo uliopasuka. Kutoka mkoani akaja bwana yuleyule wa mkasi, safari hii na fomu.

"Ndugu wananchi," akasema, "gari la maji liko tayari njia panda. Fedha za kurekebisha mpango ziko tayari. Lakini fomu ya dharura ina mstari wa kujazwa kwanza: Jina la aliyesababisha. Mstari ni mmoja. Bila jina, gari haliondoki. Akiandikwa mtumishi, anaondoka kazini leo. Akiandikwa mwanakijiji, zamu yake inafutwa, yeye na kizazi chake."

"Nataka jina," akasema Namsifu. Alikuwa amekaa mbele, nguo nyeusi, macho makavu. "Gari lije au lisije. Nimemzika mama yangu. Nataka kujua nimkasirikie nani."

Akasimama Bwana Kajiru. "Mimi nilichimba," akasema. "Nilichimba kwa sababu watu walikuwa wanakunywa mavi. Samahani, akina mama, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliandika hatari. Niliandika saa nane. Ukurasa wa thelathini na moja, nendeni mkausome. Mngezingatia nilichokiandika, tusingekaa hapa."

"Uliandika kwa nani?" sauti ikauliza.

"Kwenye ripoti."

"Ripoti alipewa nani?"

Kajiru akajikuna shingo. "Kabati."

"Na yule uliyekunywa naye chai kila siku?"

Kajiru akakaa.

Akasimama Bi Ruwaida. Viatu vyake sasa vilikuwa na vumbi. "Mimi nilipima. Chungwa lilikwenda kwa kasi ile, sikuongeza. Nilitoa kibali kwa watu wasiokuwa na kitu. Hakuna aliyeniambia kuna bomba. Nilimuuliza mama pale, akasema Mungu amewakumbuka." Akafungua bahasha, akatoa karatasi mbili nyembamba za kupitisha mwanga, nakala za zile ramani, moja ya bluu, moja ya kahawia, akaziweka moja juu ya nyingine na kuziinua juani. "Juzi nimezilinganisha kwa mara ya kwanza. Kisima na jicho viko mahali pamoja. Tukiwa na mpango mmoja badala ya miwili, jicho linaweza kurudi baada ya masika mawili. Niacheni niumalize."

"Ungepanda hatua chache tu ungeliona bomba," akasema mzee mmoja.

"Nilikuwa na mifereji ishirini na tisa wiki ile, babu."

"Wa kwetu ulikuwa wa ngapi?"

"Wa ishirini na nane," akasema, akalia.

Bwana wa mkoani akachomoa kalamu, akamkabidhi Nakijwa. "Mgawa maji, kwa desturi yenu wewe ndiye unayefuta zamu. Andika."

Nakijwa akaishika kalamu. Alikuwa ameshazoea kijiti. Kalamu ilikuwa nyepesi mno. Angeandika Kajiru, na Kajiru ndiye pekee aliyejua kukirudisha kisima kile. Angeandika Ruwaida, na Ruwaida ndiye pekee aliyewahi kuziweka zile ramani pamoja. Wote wawili hawakuwa na shamba pale. Kumwandika mmoja wao kungekuwa rahisi. Watu wazima walikuwa wanamtazama, na wajukuu wake watatu walikuwa wamekaa ukingoni wamebanana, midomo imepauka.

"Mimi nililiona," akasema.

"Uliona nini?" akauliza bwana wa mkoani.

"Jicho linakauka. Nililiona wiki sita kabla. Nikalifunika kwa majani."

Namsifu akageuka polepole.

"Wiki sita, wifi?"

"Nilikuja kukuambia. Nikamkuta mama anajiosha miguu."

"Na siku ile uliyokuja kuniomba saa mbili. Ulikuwa umeshaliona?"

"Nilikuwa nimeliona."

"Ukanichekea."

"Wewe ndiye uliyecheka, wifi. Mimi nilinyamaza. Ningesema, mama angerudi kwenye lambo."

"Mama alirudi kwenye lambo!" Namsifu akapiga kelele, na sauti ikazunguka kuta za mawe, ikarudi. "Ungesema mapema tungekuwa na jicho nusu na kisima nusu! Tungegawana! Wewe si ndiye mgawa maji?"

Nakijwa akaitazama kalamu mkononi mwake.

Bwana wa mkoani akainyakua kalamu. "Mtuhumiwa haandiki," akasema, akampa Namsifu. "Wewe mfiwa. Maliza."

Namsifu akainama juu ya fomu. Akaanza herufi ya kwanza. Ndipo Kajiru, kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake, akasema: "Mama, samahani. Nilisoma ile saa ya jenereta. Inaonyesha saa kumi na nne kila siku. Ilitakiwa nane."

"Najua," Namsifu akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa naisoma kila jioni. Wifi aliomba mbili. Nne nyingine niliongeza mwenyewe, vitunguu vyangu vilikuwa vinapendeza." Akaitazama ile herufi moja aliyoiandika, akaifuta kwa kidole kilicholowa mate. "Mimi ndiye niliyekuwa nawasha."

"Tafadhali jamani," akasema bwana wa mkoani, "dereva ananipigia simu."

"Naomba kuuliza, mheshimiwa," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, mtoto mgongoni. "Huo mpango wa bluu na huo wa kahawia. Sahihi iliyoko chini ni ya nani?"

Bi Ruwaida akazitazama karatasi mbili mkononi mwake. Sahihi ilikuwa moja, ya mkono mmoja, wino mmoja. Tarehe ilikuwa moja. Mtu mmoja aliidhinisha mipango yote miwili asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine, pengine kabla chai haijapoa. Akamtazama bwana wa mkoani.

"Nilisaini nilicholetewa," akasema bwana yule. "Kila mpango peke yake ulikuwa mzuri." Akatazama saa yake. "Fomu haina nafasi ya mwenye kuijaza."

Namsifu akaiweka kalamu chini, juu ya udongo uliopasuka. Bwana wa mkoani hakuiokota. Kajiru hakuiokota. Ruwaida hakuiokota. Nakijwa aliinyooshea mkono, kisha akaurudisha mapajani. Njia panda gari lilikuwa linangoja, limejaa mpaka linatiririka.

Haya, msikilizaji, iokote wewe.

Usiniambie wote, mstari ni mmoja. Usiniambie hakuna, wale watoto ukingoni wana kiu, na gari haliondoki. Yupo aliyejua akaandikia kabati. Yupo aliyepima bila kuinua macho. Yupo aliyeona akafunika kwa upendo. Yupo aliyewasha kwa mkono wake, na ndiye aliyezika. Na yupo aliyetia sahihi mara mbili, akaja na fomu isiyokuwa na nafasi yake.

Je, utaandika jina la nani?